Niende Mafia lini?

Shikamoo Mjomba. Mimi ni kijana wa Chang'ombe, Dodoma. Maji mengi niliyozoea ni ya bwawa la Hombolo. Nataka kwenda Mafia na begi langu la mgongoni, nipande mashua, niogelee na papa potwe. Niende lini?

Marahaba, mpwa wangu. Nenda kati ya Oktoba na Machi, potwe wanaposogea karibu na Kilindoni. Usimwogope: anachuja vijidudu vya majini, nyama yako haitaki. Panda treni ya SGR hadi Dar, kisha gari mpaka Nyamisati, ndiko boti za Mafia ziliko. Miwani ya kuogelea na mrija wa kupumulia vijaribu kwanza maji ya kiunoni. Jaketi okozi vaa, wakucheke wakitaka! Matumbawe usikanyage, ni viumbe hai. Na fulana ya mikono mirefu usiisahau. Jua likikuchoma mgongo, utalala kifudifudi.