Uso unaochonyota: majibu kwa maswali yenu

Nitajuaje kama ngozi imeharibika au ni kavu tu? Mimi ni mweusi, wekundu siuoni. (Msomaji, Jinja)

Ngozi kavu ukiipaka mafuta hutulia. Iliyoharibika huchonyota hata kwa losheni uliyoizoea, pengine hata kwa maji matupu. Ukishanawa uso unakaza, na ukicheka pembe za mdomo zinavuta. Wekundu usiutafute. Tazama mabaka ya zambarau au kijivu, magamba meupe kando ya pua, na vipele ambavyo kidole huvihisi kabla jicho halijaviona.

Naoga kwa sabuni ya mche, nasugua kwa kyangwe (dodoki) asubuhi na jioni. Nakosea? (Mwendesha boda boda, Kampala)

Ndiyo, mara mbili. Sabuni ya mche ni ya kufulia: pH yake hufika 9 hadi 10, na ngozi hustawi karibu na 5. Huondoa jasho pamoja na mafuta ya asili yanayozuia maji yasitoke mwilini. Kyangwe nacho hukwangua kilichobaki, kiachie visigino.

Kwa wiki 4 fanya hivi. Asubuhi nawa uso kwa maji tu. Jioni, vumbi likiwa limejaa, tumia sabuni laini isiyo na manukato, kiasi cha punje ya haragwe, kwa nusu dakika, na maji ya uvuguvugu. Mwilini, sabuni ipite kwapani, kinena na miguuni. Kausha kwa kugusagusa taulo. Kabla dakika 3 hazijapita, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka losheni yenye glisarini au seramidi (mafuta yanayofanana na ya ngozi yenyewe). Usiku ongeza jeli ya mafuta (kama Vaseline), kiasi cha njegere: ipashe moto viganjani, kisha ibonyeze usoni bila kusugua. Mchana paka krimu ya kuzuia jua, yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 na zinki. Skrabu, retinoli (aina ya vitamini A) na asidi za kung'arisha zipumzike kabisa. Wengi huzirudia siku ya tano wakiona nafuu, na uso unaanza upya.

Moo yaa (mafuta ya shea) inatosha? (Mama, Gulu)

Inafunga unyevu, haiuleti. Ipake juu ya ngozi yenye majimaji. Ikinuka uchachu, usiipake usoni.

Na ndimu kwa madoa? (Msomaji, Arua)

Hapana. Asidi yake huunguza, na maji ya ndimu yakipigwa na jua ngozini huacha malengelenge na weusi mpya.

Nimeacha krimu ya kujichubua niliyotumia miaka 2, uso unawaka moto. (Msomaji, Mbale)

Hapo losheni peke yake haitoshi. Nyingi za krimu hizo zina steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kali kama klobetasoli, na ngozi iliyozizoea huwaka zikikatwa ghafla. Nyingine zina haidrokwinoni au zebaki, ambazo Shirika la Viwango la Uganda limepiga marufuku katika vipodozi. Usiirudie krimu ile ili kutuliza moto. Wiki hii hii mwone daktari wa ngozi, ukiwa na kopo lenyewe mkononi, maana kilichomo ndicho kitakachoamua dawa. Ukiona usaha, homa au kope zimevimba, nenda leo. Na kama una mimba au unanyonyesha, mwambie daktari kabla ya yote.