Dada wa Guangzhou: pochi yangu hata siijui ilipo

SWALI: Dada habari za huko, mume wangu anakuja Guangzhou mwezi wa pili kukaa mwaka mzima, kaambiwa huko pesa mkononi hazina kazi. Kweli au wanamtisha tu? – Mama Zuu, Tanga

JIBU: Salama Mama Zuu. Hawamtishi. Mimi huu mwaka wa sita niko hapa na pochi yangu hata siijui ilipo, maana hata yule bibi wa pale kona anayeuza baozi, yale maandazi ya mvuke yenye nyama ndani, kaning'iniza karatasi ya QR, ule mchoro wa kulipia, kwenye kigari chake, unaskani kwa simu, spika yake inapayuka umelipa kuai ngapi (yuan wao mtaani wanaiita kuai) mtaa mzima unasikia, basi unaondoka zako. Noti hawaruhusiwi kuikataa kisheria ila ukimpa ya 100 kwa kitu cha kuai 3 utasimama hapo akihangaika na chenji hadi uone aibu mwenyewe. Aweke Alipay, programu ya kulipia kwa simu, kabla hajapanda ndege, siku hizi inakubali kadi za benki za Visa za nje. Kasheshe ni chaji kuisha. Madukani wanakodisha pawabenki, sasa kuikodi lazima uskani, uskani na simu gani wakati imezima? Yalinikuta, mwenye duka kacheka weeee ndo akanichomekea kwake.

Halafu kama anafikia kwa rafiki na sio hotelini, akajiandikishe polisi ndani ya saa 24. Hotelini wanamfanyia wenyewe.

Tena ajiandae, kuanzia huo mwezi wa pili hadi wa nne kuna kitu wanaita huinantian, hewa ya joto yenye unyevu inatoka baharini kusini inakuta kuta bado zina baridi, basi nyumba inatoka jasho, nakwambia ukuta unachuruzika, sakafu kama imemwagiwa ndoo, viatu kabatini vinaota ukungu. Mwaka wa kwanza nilimpigia baba mwenye nyumba nikimwambia bomba limepasuka, akaja, akaangalia ukuta, akaniangalia mimi, akafunga madirisha yote akaondoka. Kumbe mimi ndo nilikuwa nayaacha wazi eti pakauke! Kwa hiyo afunge madirisha, na jinzi asibebe nyingi, hazikauki.

Na wewe weka WeChat kwenye simu yako, WhatsApp huku imefungwa. Usimpigie saa mbili usiku ya Tanga maana kwake ni saa saba usiku, tumetangulia masaa matano.

SWALI: Eti ni kweli Wachina wanakunywa maji moto hata kwenye joto kali? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kweli kabisa, Julai unavuja jasho, unaomba maji mgahawani unaletewa yanatoa moshi, wazee wanasema ya baridi yanaharibu tumbo. Nilishazoea, sasa hivi natembea na chupa ya chai kama wao. Ila ile chai ya kwanza wanayokuletea mezani Guangzhou usiinywe mdogo wangu, ni ya kusuuzia bakuli na vijiti, wanaimwaga kwenye bakuli kubwa la pembeni. Mimi nilikunywa yote nikaomba na nyingine.