Asteroidi ya tani trilioni 100 inaweza kuitwa "nyepesi"?

Mwalimu mmoja wa fizikia kaniuliza hivi: "Niliwaandikia wanafunzi kwamba asteroidi (jiwe kubwa la angani linalozunguka Jua) iitwayo Mathilde ni nyepesi, mwenzangu ofisini akanikatalia, eti kitu chenye tani trilioni 100 hakiwezi kuwa chepesi. Nani yuko sahihi?"

Mwalimu, wote mko sahihi, neno lenyewe ndo lina kazi mbili. Gunia zito ni la kilo nyingi, hapo hakuna ubishi. Lakini uji mzito hatuupeleki kwenye mizani, hata wa kijiko kimoja ni mzito, na ukiongeza maji mpaka sufuria ijae tunasema umekuwa mwepesi japo kilo zimeongezeka. Wewe umesema wepesi wa uji, mwenzio kasikia wa gunia.

Na hesabu ya wepesi huo ilihitaji vitu viwili, kilo zake na ukubwa wake. Tarehe 27 Juni 1997 chombo cha NASA kinachoitwa NEAR kilipita kilomita 1,212 kutoka Mathilde, kwa mwendo wa karibu kilomita 10 kwa sekunde, hakikusimama wala kuizunguka, kilipita tu. Mvutano wa Mathilde ukakivuta chombo kidogo sana, lakini mawimbi ya redio yaliyokuwa yanakuja duniani yakabadilika masafa kwa kiasi kinachopimika na wataalamu wakapata masi, yaani kilo zake, hilo ndo gunia la mwenzio. Picha zikawapa ukubwa, upana wa kilomita 53 hivi kwa wastani, ingawa upande mmoja ulikuwa gizani ikabidi wakadirie. Ukigawanya masi kwa ujazo unapata gramu 1.3 tu kwa sentimita moja ya ujazo! Vimondo (mawe yaliyoanguka duniani kutoka angani) vinavyofanana nayo vina karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo inaonekana karibu nusu ya Mathilde ni mapengo matupu ndani. Hata mashimo yake yanaendana na hilo, kuna moja linaitwa Karoo lina upana wa kilomita 33 na bado asteroidi haikusambaratika, maana mwili wenye mapengo unameza kishindo. (Majina ya mashimo hayo ni ya maeneo ya makaa ya mawe, kwa sababu Mathilde ni nyeusi tii.)

Asteroidi nyingine, Lutetia, iliyopitwa na chombo cha Ulaya kiitwacho Rosetta mwaka 2010, ilitoka gramu 3.4 kwa kipimo hichohicho, hiyo iite nzito kwa maana zote mbili.

Ushauri wangu: kwa wanafunzi andika "nyepesi kwa ukubwa wake", ugomvi unaisha, na kwenye mtihani tumia neno msongamano (masi kwa kila kipande cha ujazo), usiuache uzito ubebe kila kitu. Ila asteroidi Gaspra usiipe sifa yoyote kati ya hizo, chombo cha NASA kiitwacho Galileo kiliipita mwaka 1991 kikaleta picha nzuri tu, masi haikupatikana.