Hela ya mgeni ambaye hajashuka uwanja wa ndege wa KIA si yako

Juzi dada mmoja wa Moshi, mwenye kampuni changa ya kupandisha wageni mlimani, ameniandikia: “Kaka, malipo ya awali ya wageni wa Julai nimeyanunulia gari. Nimekosea?” Nilicheka, halafu nikanyamaza. Huyo ni mimi wa Machi 2020.

Nilikuwa na Land Cruiser mbili, ofisi Sakina, na kiburi. Ya pili niliinunua nusu kwa mkopo, nusu kwa hela za wageni wa Juni hadi Oktoba. Machi 16 ikatangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana hapa hapa Arusha. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Wageni wakaanza kudai hela zao, na hela zenyewe nilikuwa naziona dirishani, zimepaki, zina matairi mapya.

Mei, Benki Kuu ikaruhusu mabenki kuwapangia upya mikopo waliokwama. Nikaenda, tayari nina marejesho mawili nyuma. Ofisa niliyekuwa nampelekea kalenda kila Desemba alinikalisha kwenye benchi mpaka saa nane mchana. Sijasahau. Mwishowe nilipewa miezi sita ya kulipa riba tu. Nendeni kabla hamjachelewesha hata rejesho moja, mtapokelewa kama watu.

Gari jipya niliuza kwa bei ya kutupa, maana mji mzima ulikuwa unauza. Waliodai kwa ukali nikawarudishia. Waliobaki niliwaandikia ukweli, wengi wakasogeza safari. Lile kuukuu nikaling’oa viti, tukaanza kubeba matenga ya nyanya kutoka Ngarenanyuki hadi soko la Kilombero. Dereva wangu, bingwa wa kutafuta chui Serengeti, akawa anabishana na wachuuzi alfajiri. Wenzangu walipita wakinipigia honi na kucheka. Wawili kati yao leo hawana hata kibao cha ofisi. Nasema tu.

Sasa nisikilizeni, hasa vijana mnaopenda kupiga picha juu ya boneti. Malipo ya awali yawe na akaunti yake. Humo ndani mna ada za hifadhi, mna wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, mna mpishi. Usiyaguse. Mishahara ya miezi mitatu iwe pembeni. Na yale malipo, narudia, usiyaguse!

Wewe dada, uza hilo gari sasa, msimu ungali mzuri na wauzaji wachache. Kuna mtu Usa River ananiulizia gari tangu wiki iliyopita. Nitumie picha, na usifiche pale lilipokwanguliwa.