Barua kwa mwanangu: tisa au arobaini na tano?

Marahaba mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikakaa chini. Unasema kibali kimeshatoka, unataka bastola moja tu, wikendi uende ukalenge shabaha nayo na usiku ikae nyumbani kwa ajili ya usalama, na swali lako ni la unene wa risasi, "Mama nichukue 9mm au .45, manake jamaa wote wananambia 9 ni ya watoto." Hao jamaa hebu waulize mwezi uliopita wamefyatua risasi ngapi. Wengi watakutajia video walizoangalia.

Jibu nikupe mapema usije ukasema mama anazunguka: chukua 9mm. Na mfuko ukiruhusu, tafuta na ya .22, tena ikiwezekana hiyo ndo itangulie. Sasa hapa ndo ntazunguka.

Mi nilianza na .45 si unajua, wewe ulikuwa bado mdogo. Hakuna aliyenishauri, niliipenda tu ilivyokaa mkononi, nzito, chuma kitupu, ule muundo wa John Browning ambao jeshi la Marekani liliuchukua mwaka 1911 likakaa nao mpaka 1985 lilipohamia kwenye Beretta ya 9mm. Nikasema kitu kilichopita vita zote hizo mimi nani nikikatae. Basi miezi ya mwanzo risasi zangu zikawa zinatua pembe ya chini kushoto ya karatasi, karibu zote. Nikalaumu kilengeo, nikalaumu macho, nikalaumu mpaka taa za ukumbini. Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja mkimya, siku hiyo akaniomba magazini, akaenda pembeni akaijaza mwenyewe, akanirudishia bila neno. Nikapiga ya kwanza paa, ya pili paa, ya tatu nikavuta triga ikasema tik. Na mwanangu, risasi haikutoka lakini mtutu ulidonoa chini kama kuku aliyeona punje. Hakuna aliyeusukuma ila mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiwahi teke la bastola ambalo halikuja. Mzee alikuwa amechanganyia risasi bandia humo ndani, zile zisizo na baruti. Akanambia "umeona?" akaondoka zake. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Kwa hiyo wewe ukiniuliza kaliba, yaani huo unene, mi naanzia kwenye mkono wako kwanza, huko risasi inakokwenda tutafika baadaye. Angalia hesabu hii. Risasi ya 9mm ya kawaida ina uzito wa kama gramu 7.5 na inatoka mtutuni kwa mita kama 350 kwa sekunde. Ya .45 ina gramu karibu 15, mara mbili yake, lakini inatoka pole pole, mita kama 255 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya nguvu inayobeba ni karibu sawa, kwenye joule 460 mpaka 490 zote mbili, ndo maana huwa nacheka mtu akinambia moja ni ya watoto. Ila teke haliendi kwa hesabu hiyo, linaenda kwa uzito mara mwendo, na hapo .45 inakurudishia karibu mara moja na nusu ya 9mm kama bastola zenyewe zina uzito mmoja. Mkono unalijua hilo hata kama kichwa hakijui. Risasi ya kwanza mtu yeyote anapiga vizuri. Ya hamsini ndo mkono unaanza kusema ukweli, umeshachoka, kila ukigusa triga jicho linataka kufumba.

Na uzito wa bastola yenyewe usiudharau. Mjomba wako aliwahi kunipa karivolva kake kadogo ka tundu tano, kepesi hata mfukoni hukasikii, kamejazwa risasi kali za .357 Magnum. Nilipiga mara mbili nikakarudisha. Kiganja kilikaa kinawaka mpaka jioni na shabaha sikuigusa. Sasa .357 kwenye rivolva kubwa ya chuma ni raha tupu, lakini kwenye kitu chepesi kama kile unajiadhibu mwenyewe. Watu wanadhani bastola ndogo ni ya mtu mdogo, au ya mwanamke (nimeuziwa maneno hayo sana), kumbe ndogo ndo inayopiga teke zaidi, na mshiko wake vidole viwili vinaning'inia hewani.

Alafu majina yasikuchanganye manake yanadanganya. .45 ni sehemu za inchi, yaani kama milimita 11.4, hapo sawa. .22 ni milimita 5.6, sawa. Ila .38 Special risasi yake si .38, ni .357 ya inchi, kipenyo kilekile cha .357 Magnum, tofauti ni ganda la Magnum ni refu kidogo na baruti yake ina presha kubwa. Ndo maana rivolva ya .357 inakula zote mbili, na ya .38 haili Magnum, na usijaribu. .380 nayo ni 9mm yenye ganda fupi, milimita 17 badala ya 19. Na ile 9mm ya Makarov ni kitu kingine kabisa, risasi yake ni nene kidogo, milimita 9.27. Kwa hiyo kabla hujanunua hata boksi moja soma kilichochongwa kwenye mtutu, alafu soma kilichoandikwa kwenye boksi, alafu soma kitako cha ganda. Vitatu vyote viseme kitu kimoja.

Hao jamaa zako watakutajia FBI, wale wapelelezi wa Marekani, lazima, nami nikutajie kabla yao ila niifikishe mwisho. Aprili 1986 kule Miami maajenti wanane walipambana na majambazi wawili, maajenti wawili wakafa na watano wakajeruhiwa, na moja ya risasi za 9mm iliyompata jambazi mapema ilisimama kabla haijafika moyoni, naye akaendelea kupiga. 9mm ikabebeshwa lawama. Wakahamia 10mm, ikawa teke lake watu wengi hawaliwezi, wakaipunguza nguvu, ukishaipunguza ganda lote lile refu la nini, ndo ikazaliwa .40 S&W (ya Smith & Wesson) mwaka 1990 na polisi kibao wakaifuata. Jamaa huwa wanaishia hapo. Hawasemi kwamba katikati ya miaka ya 2010 FBI haohao walirudi kwenye 9mm. Kilichobadilika ni risasi, siku hizi zinatengenezwa vizuri zaidi, kwenye ile jeli inayoiga nyama ya mwili wanayofanyia majaribio wanataka iingie angalau sentimita 30 na isipite sana 45, na 9mm nzuri inafika hapo sawa na wakubwa zake. Na juu ya hapo askari wao wanapata shabaha zaidi na wanabeba risasi nyingi zaidi. Bastola ya kawaida ya 9mm inabeba 15 mpaka 17, ile .45 yangu ilikuwa 7.

Kwa hiyo cha kuchagua kwa makini ni aina ya risasi. Za mazoezi ni zile za mviringo zilizovikwa shaba, bei yake nafuu, zinatoboa karatasi vizuri. Hizo usiziweke za usalama nyumbani, zinapita moja kwa moja zikaendelea na safari. Za usalama ni zile zenye tundu puani, zinafunguka zikiingia kwa hiyo zinasimama mapema. Ila ulizia sheria ya hapo ulipo kabla, kuna nchi raia haruhusiwi kuwa nazo. Na ukizipata usiziamini kwa sababu ya boksi zuri, zipige kwenye bastola yako mwenyewe, magazini kadhaa, uone kama zinaingia chemba bila kukwama. Bastola nyingine inakula zote, nyingine ina nongwa. Na hata hizo za tundu, ukikosa mtu, ukuta wa mbao au wa jasi hauzizuii. .22 yenyewe haizuiliki hapo. Tembea kwenye nyumba yako mchana, simama pale ungesimama usiku, uangalie kila upande kitanda cha nani kiko nyuma ya ukuta gani. Hilo ni la kwako kufanya, sio mimi kukuandikia.

Sasa .22, ambayo najua umeruka hiyo sentensi ulipoisoma kule juu. .22 LR (Long Rifle, ndo hiyo .22 ya kawaida) ni ya tangu 1887 na mpaka leo ndo wanayotumia kwenye Olimpiki mashindano ya bastola ya mita 25, sasa niambie hao nao ni watoto. Risasi yake gramu 2.6, haina teke la kusema, na bei ya boksi moja la 9mm inakupa .22 maradufu au zaidi. Unapiga mia tatu asubuhi moja na mkono hausemi kitu. Hapo ndo unajifunza kuvuta triga pole pole mpaka mlio wenyewe ukushtukize, kuona kilengeo cha mbele kinakaa wapi sekunde ile risasi inatoka, kushika bila kukaba. Mi baada ya ile aibu niliweka .45 kabatini nikakaa na .22 ya kuazima msimu mzima, nilivyorudi zile za chini kushoto zikawa zimehama. Kwa usalama siitaki, baruti ya kuwashia iko kwenye ukingo wa ganda na mara kwa mara moja inagoma, usiku wa hatari sio wakati wa kugomewa. Lakini mtu ambaye mikono yake haiwezi kingine, bora hiyo aipige panapotakiwa. Na usidhani .380 ndo dawa ya mikono dhaifu, nyingi zina springi ngumu kuivuta kuliko hata 9mm kubwa, jaribu dukani mwenyewe utaona.

.45 siitukani. Bado ninayo, naipenda, na kwenye karatasi tundu lake pana linagusa mstari wa duara la juu pale 9mm ingeukosa kwa unywele, na ukigusa mstari unapewa pointi ya juu. Ila hiyo ni starehe ya mtu ambaye tayari anajua kupiga. Ukishajua, njoo tuongee.

Kabla hujanunua chochote nenda uwanjani ukodishe, upige zote tatu siku moja, na uanze na ndogo. Masikio funika mara mbili, viziba ndani na vile vikubwa juu yake, mlio wa bastola unafika desibeli 160 na sikio likiharibika halirudi, mimi la kushoto unalijua lilivyo. Miwani. Ukivuta triga isilie, mtutu ubaki kwenye shabaha uhesabu sekunde thelathini kabla ya kufungua. Ukisikia mlio mdogo wa ajabu, puf badala ya paa, acha kabisa, inawezekana risasi imekwama mtutuni na ukiipiga nyingine nyuma yake utapasua mtutu. Mikono nawa kwa sabuni kabla hujagusa chakula au mtoto, ile ni risasi ya madini ya risasi kweli, yana sumu.

Na hilo la kuiweka nyumbani kwa ajili ya usalama, mwanangu, mi nitaongea hata kama hukuuliza. Mlango mzuri kwanza, taa ya nje, simu iwe na chaji. Bastola ikae kwenye kasha la chuma lenye kufuli lililofungwa ukutani, chini ya mto hapana, juu ya kabati hapana. Mjukuu wangu ana miaka minne na simu yako anaifungua bila wewe kumwambia namba. Mimi nina wasiwasi na mtoto kuliko huyo mwizi.

Mwisho wa mwezi ukija njoo nayo, chochote utakachokuwa umenunua, imefunguliwa na magazini iko pembeni. Zile risasi bandia za yule mzee aliniachia, ziko sita, ndani ya kopo la vifungo. Magazini nitakujazia mimi, na wewe utageukia dirishani usiangalie.

Mama yako