Mkuki kwenye kivuli: kwa wanaoanza kurekebisha michezo ya mezani

Nilipoanza kuendesha mchezo wa kuigiza wahusika wa hadithi, Dungeons & Dragons hapa Kisumu, nilibadilisha majina tu. Mwenye baa akawa mvuvi wa Dunga, joka likawa nyoka wa ziwani, nikadhani nimemaliza. Tukacheza saa tatu nzima, na hakuna aliyejihisi yuko kwao. Kanuni zilibaki za makasri ya Ulaya.

Luanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo, ndiye aliyenifunza. Mwili wake jiwe, mkuki haupenyi. Kinachochomeka ni kivuli. Sasa, kwenye mchezo kila adui ana namba ya kinga ambayo dadu yako lazima iifikie. Ya mwili nikaifuta kabisa, nikaweka ya kivuli na kuifunga kwenye saa: asubuhi kivuli ni kirefu, 10 inatosha, saa nne, 15, saa sita, jua likiwa utosini, 20. Kwa dadu ya pande 20 hiyo ni nafasi ya kumchoma ya asilimia 55, 30, halafu 5. Sikuwaeleza wachezaji. Nilisema tu kwamba kivuli chake kimejikunyata miguuni. Mikuki minne ilivunjika kabla mmoja wao hajauliza, "Kwani saa hii ni saa ngapi?"

Basi tafuta kanuni moja ambayo hadithi yenyewe inaidai, uivunje hiyo. Nyingine ziache. Ruhusa usihofu: kanuni za msingi za mchezo huu ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwaka 2023, unaweza hata kuchapisha toleo lako mradi utaje chanzo.

Dadu zenyewe ni adimu, za ludo zina pande 6 tu. Sisi tuliandika namba kwenye vizibo 20 vya soda, tukavitia kwenye mfuko wa kitenge. Kila anayechota arudishe! Siku moja kizibo cha 20 kilishinda chini ya kiti, na Luanda wa saa sita akawa hauawi kweli kweli.

Tena, hadithi ina wenyewe wengi. Kwa Waluo wengi, mke wake wa Kinandi aliyefichua siri ya kivuli ni msaliti. Mezani kwetu kuna Mnandi, na kwake yule ni jasusi aliyeokoa watu wake. Nikamwachia amcheze. Alipochanja kivuli ili ampake mumewe dawa, damu ikatoka, akanyamaza, kisha akauliza kama ni lazima atoroke kwenda kwao usiku uleule. Hapo hatukuchota kizibo. Tulimngoja aamue.