Re: Jumuiya zimegoma kuchangia ujenzi, nianzie wapi?

Tumsifu Yesu Kristo, mkuu. Nimekusoma: wewe ni mweka hazina wa kigango (tawi la parokia) Bagamoyo, jumuiya ndogondogo za waamini zimegoma kuchangia ujenzi, vijana wamehamia kwa manabii, na paroko anataka uhimize tu.

Usihimize kwanza. Angalia pesa inapitia wapi. Niko kamati ya fedha ya parokia moja hapa Tanga. Sisi hakuna aliyeiba, ila lipa namba ilikuwa ya mtu binafsi. Mama anatuma elfu kumi, simu inamletea jina la katekista. Utamwambia nini? Tukafungua akaunti yenye watia saini watatu, tukabandika hesabu kwenye ubao wa matangazo: saruji mifuko mingapi, bei gani, duka gani, fundi kalipwa ngapi. Wazee walijazana pale baada ya misa, wengine na miwani ya kuazima.

Paroko akisita, muoneshe Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1287: waamini wapewe hesabu ya walichotoa. Ikikwama, andikeni barua kwa askofu kupitia halmashauri ya walei, yaani waamini wasio mapadre; msianikane WhatsApp. Bagamoyo ni jimbo Katoliki tangu 2025, askofu hayuko mbali.

Vijana sasa, hapo sina dawa. Michango ilirudi, wao wengi hawakurudi.